Mjadala: Lucille Ball aliijenga studio kwa akili yake, au alibebwa na Desi Arnaz?

Karani Mstaafu:
Kila linapotajwa jina la Lucille Ball, yule mchekeshaji wa Marekani, husemwa kwamba yeye ndiye aliyeijenga biashara ya vichekesho vya televisheni, na mumewe Desi Arnaz, mwanamuziki kutoka Kuba, hutajwa kama mtu aliyemshikia mkoba. Naona mambo yamepinduliwa. Mwaka 1951 shirika la televisheni la CBS na mdhamini wao, kampuni ya sigara ya Philip Morris, walitaka kipindi cha vichekesho cha wanandoa hao, I Love Lucy, kirushwe moja kwa moja kutoka New York, huku watazamaji wa magharibi wakiletewa nakala hafifu iliyopigwa picha kutoka kwenye kioo cha runinga. Wanandoa hao hawakutaka kuhama Hollywood, wakakubali kupunguziwa dola 1,000 kwa wiki ili kipindi kirekodiwe kwa filamu, na Desi akadai kwamba filamu hizo ziwe mali yao. Ni yeye pia aliyesimamia mpango wa kamera tatu mbele ya hadhira iliyoketi, akamleta Karl Freund, mpiga picha mkongwe aliyeanzia kazi Ujerumani, aupatie mwanga wake. Mwaka 1957 filamu zilezile ambazo wakubwa hawakuziona kuwa na thamani CBS ilizinunua kwa zaidi ya dola milioni 4. Akili hiyo ilikuwa ya nani? Kujifanya mjinga kila Jumatatu usiku si kazi inayohitaji akili nyingi.

Binti wa Jukwaani:
Shikamoo mzee wangu. Habari za mikataba nakuachia wewe, lakini sentensi yako ya mwisho imenikwama kooni. Ile sehemu ya kiwanda cha chokoleti ya mwaka 1952 nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya watu. Lucy na rafiki yake Ethel, aliyechezwa na Vivian Vance, wanatakiwa kuifunga kila chokoleti kwa karatasi inapopita kwenye mkanda, nao wameonywa kwamba moja ikipita bila kufungwa wamefukuzwa kazi. Mwanzoni mkanda unakwenda taratibu na wao wanajisifu. Kisha unaongeza mwendo, na hapo ndipo unapomwona mtu mwenye akili akifanya kazi: macho yake yanaiona chokoleti iliyomponyoka kabla mkono haujaifikia, anaila ya kwanza kwa aibu, ya pili kwa haraka, na za mwisho anazitia ndani ya kofia na ndani ya nguo huku mashavu yakiwa yamevimba. Msimamizi anaingia, haoni kosa lolote, anawapongeza, na anaamuru mkanda uongezwe mwendo.

Mwaka mmoja mimi na mwenzangu tulijaribu kitu cha namna hiyo kwa maandazi na meza ya kukunja, mbele ya watu wapatao mia mbili, na hakucheka mtu. Tulijaza midomo mapema mno, kwa hiyo hapakubaki pa kwenda. Tangu siku hiyo simwiti mjinga mtu anayejua ni chokoleti ya ngapi inayopaswa kuliwa. Wewe umekitazama kipindi hicho kwa jicho la mhasibu.

Halafu umesahau kwamba CBS hawakumtaka Desi kabisa. Walitaka Lucille ahamie kwenye televisheni na yule aliyecheza naye mume redioni, wakidai kwamba watazamaji hawatamwamini Mmarekani aliyeolewa na Mkuba mwenye lafudhi nzito. Aliyekataa ni yeye, na mwaka 1950 wakazunguka majukwaani wawili pamoja hadi wakubwa wakanyamaza. Nani alimbeba mwenzake hapo?

Dereva wa Buffalo:
Mimi naishi si mbali na Jamestown, jimbo la New York, mji aliozaliwa Agosti 6, 1911, na kijiji cha Celoron alikokulia kwa babu yake kiko ubavuni mwa mji huo. Pale kuna bustani yenye sanamu zake mbili. Ya kwanza, iliyowekwa mwaka 2009, inamwonyesha ameshika chupa ya dawa na kijiko, kama katika kile kichekesho cha tangazo la dawa ya nguvu iliyomlevya, lakini uso umekunjamana kiasi kwamba mtoto wangu alikataa kupigwa picha nayo. Watu walilalamika hadi mwaka 2016 ikaletwa nyingine, ya bibi aliyependeza kabisa. Ajabu ni kwamba ile mbaya haikuondolewa, imesogezwa tu, na siku niliyofika mimi waliojipanga kwake walikuwa wengi kuliko waliokwenda kwa yule mzuri. Nimeona niliseme hilo kabla hamjachafuka zaidi.

Karani Mstaafu:
Marahaba, binti yangu, lakini sikuwahi kuwa mhasibu. Nilikuwa karani wa masjala kwa miaka 31, na karani wa masjala ndiye mtu anayejua ni nani aliyetia saini wapi.

Ukisema Desi alibebwa, nakukumbusha Septemba 1953. Magazeti yalifichua kwamba mwaka 1936 Lucille alijiandikisha kupiga kura kama mfuasi wa Chama cha Kikomunisti, wale walioitwa "wekundu", na katika Marekani ya wakati ule hilo lilitosha kumzika msanii akiwa hai. Ni nani aliyesimama mbele ya hadhira usiku ule wa kurekodi, akawaambia kwamba kitu pekee chekundu kwa Lucy ni nywele zake, na hata hizo si za kweli? Ni Desi. Watu walicheka, na kazi ya mkewe ikapona.

Mwalimu wa Uraia:
Ndugu yangu Karani, mzaha haukuiponya kazi yake peke yake, na naomba tusiigeuze historia kuwa hadithi ya bwana harusi shujaa. Alipoitwa na wachunguzi wa kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka Wakomunisti, aliyejibu maswali ni Lucille mwenyewe, na jibu lake lilikuwa la kibinadamu kuliko la kisiasa: alijiandikisha ili kumridhisha babu yake mzaa mama, Fred Hunt, mzee aliyeshika usoshalisti kama wengine wanavyoshika dini. Yule mzee ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufa kwa homa ya matumbo, Lucille akiwa na umri wa miaka mitatu. Ni mjumbe wa kamati hiyo, Donald Jackson, aliyetangaza hadharani kwamba hapakuwa na ushahidi dhidi yake. Desi alipasha moto ukumbi ambao tayari ulikuwa umempenda mwenye nyumba.

Pamoja na hayo sitakubaliana na binti pia. Kipindi hichohicho kinaonyesha mume akimlaza mkewe magotini na kumchapa kama mtoto, na hadhira inacheka. Lucy wa kwenye kioo anataka kufanya kazi, na karibu kila wiki anarudishwa jikoni. Mtu anaweza kuwa na kipaji kikubwa na bado akakitumia kuuza wazo bovu.

Kijana wa Anga:
Wazee wangu, mbona hakuna anayemtaja Lucille wa miaka ya sitini? Baada ya talaka ya mwaka 1960, mwaka 1962 alizinunua hisa za Desi kwa takriban dola milioni 2.5 na kuiongoza Desilu, ile studio yao, mwenyewe. Ni yeye aliyetuletea Star Trek, kwa hiyo kila mpenzi wa hadithi za anga anamdai shukrani, na alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kumiliki studio.

Mwalimu wa Uraia:
Kijana, umeruka hatua mbili. Star Trek ilibuniwa na Gene Roddenberry. Alichofanya Lucille, nacho si kidogo, ni kuikubalia bajeti wakati washauri wake waliogopa gharama. Kuhusu mwanamke wa kwanza, mwigizaji Mary Pickford alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya filamu ya United Artists mwaka 1919, Lucille akiwa bado mtoto wa Jamestown.

Kijana wa Anga:
Ahsante kwa masahihisho, mwalimu, ingawa ungeweza kunisahihisha bila kuniita kijana mbele ya watu. Nina wajukuu wawili. Jina nililichagua kwa ajili ya anga, si kwa ajili ya umri.

Binti wa Jukwaani:
Babu, pole, mimi nilishakuzoea kama mdogo wangu.

Nijibu kuhusu kuchapwa, kwa sababu mwalimu amesema kweli nami sitaifunika. Sehemu hizo zipo, na mimi nazipita nikitazama. Hata hivyo, mwanamke yuleyule anayerudishwa jikoni wiki hii anatoka tena wiki ijayo, kwa hila mpya na rafiki yuleyule, na sijawahi kumwona amekata tamaa. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mama yangu akiniambia kwamba msichana hachezi na uso wake mbele za watu, nilimwona mwanamke mzuri akiukunja uso wake hadharani kwa makusudi na kulipwa. Mambo ya hisa niliyajua ukubwani.

Na mzee Karani, studio ambayo wawili hao waliinunua mwaka 1957 ilikuwa RKO, ambako miaka ya thelathini Lucille aliajiriwa kama mwigizaji wa sehemu ndogondogo. Mtu aliyepita milango ile akiwa kibarua hahitaji kufundishwa na mumewe thamani ya jengo.

Karani Mstaafu:
Hilo la RKO nilikuwa nalijua na sikuliandika, nami nakiri kwamba niliacha kuliandika kwa sababu halikunisaidia. Nasimama kwenye hoja yangu ya mkataba wa 1951: kipengele cha umiliki kilidaiwa na Desi. Neno "mjinga" nalifuta, kwa kuwa jana usiku niliitafuta ile sehemu ya chokoleti nikaitazama peke yangu, na mke wangu akaja kuuliza ninakohoa nini.

Lakini hata Lucille mwenyewe kuna siku hesabu ya chokoleti ilimpotea. Mwaka 1986, akiwa na miaka 75, alirudi na kipindi kipya, na kikafutwa baada ya kurushwa mara nane tu. Desi alifariki mwaka huohuo, mwezi Desemba.

Binti wa Jukwaani:
Na katika maisha yao yote baada ya talaka hakuna aliyemsema mwenzake vibaya vya kutosha kutupatia sisi ushindi. Hilo nalo linakera.

Dereva wa Buffalo:
Jumamosi napita tena Celoron. Anayetaka picha aseme mapema ni ya sanamu ipi, maana mtoto wangu safari hii amekubali kusimama karibu na ile mbaya, mradi mimi nisimame katikati.