Altezza yangu imekatwa nyuma ikaungwa: nirudishe, nitengeneze, niuze au niichinje?

Kijana_Ipagala:
Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, na yawe ya kweli hata kama yatauma.

Wiki tatu zilizopita nilinunua Toyota Altezza RS200 ya 2001, injini 3S-GE, gia sita za mkono. Gari hii naitamani tangu niko sekondari. Niliichukua Dar kwa mtu anayefanya biashara ya magari, milioni 11.5, nikaiendesha mwenyewe hadi Dodoma, kilomita kama 450, bila usumbufu wowote. Nilimuuliza mara mbili kama imewahi kugongwa. Akaniandikia WhatsApp: "Haijaguswa hiyo, kaka." Ujumbe bado ninao.

Jumapili nilikwenda Mvumi kumchukua mama, nikapita njia za vumbi. Kufika nyumbani nafungua buti nishushe ndoo ya karanga, nakuta vumbi jekundu limetanda kila mahali. Nikafunua zulia, nikatoa tairi ya spea. Mshono wa weldi umekata sakafu ya buti kutoka kushoto hadi kulia, juu yake wamepaka gundi kwa brashi, hata michirizi ya nywele za brashi unaiona. Chini ya taa ya kushoto kuna ufa unaopitisha ukucha, na vumbi limejipanga pale kama mstari wa chaki.

Fundi mmoja Kizota aliinyanyua. Chesisi ya nyuma kushoto imekunjamana, imefichwa kwa lami nyeusi. Anataka milioni 3.2 kuivuta, kuichomelea upya na kupaka rangi. Muuzaji nilipompigia alisema hakujua, ila atanirudishia milioni 2 yaishe.

Kwa hiyo nina njia nne: kuirudisha nidai hela yote, kuchukua hiyo milioni 2 nitengeneze, kuiuza ilivyo, au kuichinja niuze spea. Moyo wangu uko kwenye kutengeneza, sifichi. Mnanishaurije?

Bodi_na_Rangi:
Pole sana mdogo wangu. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya kunyoosha bodi, miaka kumi na nane sasa.

Kwanza tuangalie mshono wenyewe. Kiwandani bati zinaunganishwa kwa nukta nukta, zimepangana kwa nafasi zinazolingana. Ukiona weldi ya mfululizo yenye vinundu, hiyo ni ya gereji. Kama imezunguka sakafu yote na kupanda hadi kwenye nguzo za nyuma, basi gari yako ni mbili: mbele ya moja, nyuma ya nyingine.

Milioni 3.2 sikatai, lakini muulize fundi wako atavuta kwa kifaa gani. Kama ni mnyororo na gesi, kataa. Bati la chesisi ukilipasha moto hadi likawa jekundu, nguvu yake haiko tena kama ilivyotoka kiwandani. Kazi hii inataka benchi la kuvutia lenye vipimo, gari inafungwa chini ndipo inavutwa kidogo kidogo. Kabla ya kumpa hata shilingi, mwambie apime mshazari kwa tepu: kutoka tundu la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, halafu kinyume chake. Tofauti ya milimita chache haina neno. Ikifika sentimita mbili, Altezza hiyo itakula tairi maisha yake yote, maana miguu yake ya nyuma imeshikwa kwa mikono mingi na kila mmoja unategemea chesisi iwe mahali pake.

Nzuguni_Racing:
Mkuu, kabla hujaamua lolote naomba ufanye jambo moja leo. Washa swichi bila kupiga stata. Angalia taa ya eabegi, ile mifuko ya hewa, kwenye dashibodi. Ikiwa nzima inawaka kama sekunde sita halafu inazima yenyewe. Kisha vuta mkanda wa dereva hadi mwisho usome lebo ya chini, ina tarehe ya kutengenezwa. Linganisha na mwaka wa gari. Njoo utuambie.

Dalali_Majengo:
Mimi ningeiuza. Altezza ya gia sita Dodoma haikai wiki. Osha buti, ziba ule ufa, zulia lirudi. Wewe ulivyonunua ndivyo na mwenzako atakavyonunua.

Mama_T_Miyuji:
Hapana, usimshauri mtoto wa watu hivyo. Niliuza Subaru iliyogongwa, nikamwonyesha mnunuzi picha za ajali na kila kilichobadilishwa, tukaandika kwenye hati ya mauziano. Nilipoteza karibu robo ya bei. Lakini yule kijana nakutana naye sokoni Sabasaba tunasalimiana vizuri. Kijana wa Ipagala, kama utauza, uza hivyo au usiuze kabisa.

Kijana_Ipagala:
Mama T, asante. Kuficha siwezi, mama yangu amekaa kwenye kiti kile.

Nzuguni, nimefanya ulichosema. Taa ya eabegi iliwaka pamoja na ya oili, nikahesabu hadi sekunde arobaini haijazima. Nilipopiga stata zikazima zote mbili kwa pamoja. Na mkanda wa dereva lebo yake inasema 1999.

Nzuguni_Racing:
Basi ndugu yangu, usiiendeshe tena. Waya wa taa ya eabegi wameuunga kwenye taa ya oili ili mnunuzi aone inawaka na kuzima. Wanaofanya hivyo mara nyingi ni kwa sababu mifuko ilishafumuka na haikurudishwa. Na eabegi za mbele hazifumuki kwa kugongwa nyuma. Hapo una ajali ya nyuma, na kuna kila dalili ya nyingine mbele.

Bodi_na_Rangi:
Nafuta ushauri wangu wa benchi. Sakafu naweza kuirudisha, lakini siwezi kukuhakikishia gari ambayo mbele yake sijui imefanywa nini. Kuichinja nako si vibaya, 3S-GE na gia sita vina wateja, ila usiifungue hata nati moja kabla hujamalizana na muuzaji.

Wa_Makole_Sheria:
Hilo la nati ni la msingi. Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 17 inahesabu kuficha ukweli kwa makusudi kuwa udanganyifu, na kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Muuzaji atasema ungeweza kugundua kwa kukagua kawaida. Jibu lako ni gundi, lami na waya: vimewekwa ili ukaguzi wa kawaida usione, na wewe uliuliza ukajibiwa kwa maandishi.

Kwa kuwa ni mfanyabiashara wa magari, Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura 214, nayo inambana kuhusu ubora. Lakini ukikaa na gari muda mrefu kimya, au ukaipaka rangi na kuikatakata, utahesabika umeipokea. Kwa hiyo andika barua leo kwamba unaikataa, eleza kasoro moja moja, ambatanisha picha na ripoti ya fundi iliyosainiwa. Ile milioni 2 usiipokee, hata kwa simu. Kama hujabadili jina la mmiliki TRA, mamlaka ya mapato, simamisha.

Kijana_Ipagala:
Jina sijabadili, kadi bado ni ya mtu wa kwanza.

Fundi amenisainia ripoti. Amepima mshazari: tofauti milimita 31. Barua nimeandika nakala tatu. Gari nimeliacha uani, betri nimeichomoa, funguo nimempa mama. Alhamisi asubuhi napanda treni ya SGR kwenda Dar, nitampa barua mkononi mbele ya shahidi. Akikataa, naenda mahakamani. Nitarudi hapa niwaambie.