Uvimbe wa ubongo: picha ya MRI inatosha kuuita "wa daraja la chini"?

Wadau, hili tulijadili wazi. Mtu mzima kapata kifafa kwa mara ya kwanza, kapigwa MRI, uvimbe umeonekana ndani ya ubongo, kachomwa dawa ya kontrasti na uvimbe haujang'aa, basi ripoti inaandikwa "glioma ya daraja la chini" (yaani uvimbe wa seli saidizi za ubongo unaokua polepole) na anaambiwa arudi baada ya miezi kadhaa. Napinga. Kurudia picha ni sawa, ila hilo jina lisitolewe kabla kipande cha uvimbe hakijafika maabara.

Tangu mwongozo wa WHO wa 2021 daraja halitoki kwenye hadubini tu, jeni nazo zinaangaliwa. Jeni ya IDH ikiwa imebadilika na vipande vya kromosomu 1p na 19q vyote vimepotea, hiyo ni oligodendroglioma, visipopotea ni astrositoma (zote ni aina za glioma). Ila IDH ikiwa haijabadilika halafu promota ya TERT (sehemu inayowasha jeni hiyo) ikakutwa imebadilika, hiyo inahesabiwa glioblastoma, glioma kali kabisa ya daraja la 4, hata kama kwenye picha ilionekana imetulia tuli! Huyo uliyemwambia "tusubiri" utamweleza nini?

MCHANGIAJI: Mkuu unaionea redioloji. Kuna ile alama ambayo uvimbe wote unang'aa kwenye T2, ukija FLAIR (T2 na FLAIR ni aina mbili za picha za MRI) katikati pamefifia umebaki ukingo mweupe. Ukiiona hiyo, karibu kila mara ni astrositoma yenye IDH iliyobadilika. Na chembe za chokaa kwenye CT scan zinaelekeza oligodendroglioma. Halafu biopsi, yaani kuchukua kipande cha uvimbe, ni kutoboa fuvu, uvimbe ukiwa karibu na sehemu ya kuongea hatari ipo kweli.

MLETA MADA: Alama naikubali, lakini astrositoma nyingi hazina hiyo alama, kwa hiyo isipoonekana bado hujajua kitu. Hatari nayo sikatai, ila kuchelewa kuna gharama yake. Utafiti wa Norway wa 2012 ulilinganisha hospitali mbili, moja ikipendelea biopsi na kusubiri, nyingine kuukata mapema, na wa hospitali ya kukata waliishi muda mrefu zaidi. Na sasa kuna dawa ya vorasidenib, iliyoidhinishwa Marekani 2024 kwa glioma za daraja la 2 zenye IDH iliyobadilika, bila kupima jeni huyo mgonjwa utamwanzishiaje? Mnaosema tusubiri, mnasubiri uvimbe ufanye nini ndo mkubali kuugusa?