Mlaji aliye hatarini na uwajibikaji wa kampuni: nianzie wapi katika tasnifu yangu?

Mtafiti Chipukizi (Dar es Salaam)

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninasoma shahada ya uzamili ya masoko, na pendekezo langu la utafiti linahusu mikopo ya haraka ya simu wanayokopa mama lishe wa jiji hili, ile ambayo mitaani imekwisha kubatizwa jina la kausha damu. Msimamizi wangu amelirudisha kwa mara ya pili. Anasema nimeandika "walaji dhaifu" kila ukurasa bila kueleza udhaifu huo uko wapi, na kwamba sura yangu ya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii inasomeka kama taarifa ya habari ya makabidhiano ya madawati. Kipimo nilichokuwa nimeweka ni kwamba mlaji dhaifu ni mwanamke mwenye elimu ya msingi na kipato kisichozidi kiwango fulani. Wanazuoni wa masoko wanaliangaliaje jambo hili, na nitaziunganishaje nusu hizi mbili za tasnifu ili zisikae kama ndugu wasiosalimiana?

Mwalimu wa Masoko

Ndugu yangu, msimamizi wako hakukuonea. Kosa hilo ni la zamani, na wakubwa walilifanya kabla yako. Mwaka 1963 David Caplovitz, ambaye kwa kweli alikuwa mwanasosholojia, alionyesha kwamba familia za kipato cha chini zilizoishi katika nyumba za umma jijini New York zilinunua samani na televisheni kwa bei ya juu kuliko wenye nacho, hasa kwa kuwa zilinunua kwa mkopo. Alan Andreasen akaliendeleza suala hilo kwa upande wa masoko mwaka 1975. Kazi hizo zilifungua njia, lakini nyuma yake yalibaki mazoea ya kumtambua mlaji aliye hatarini kwa kuhesabu sifa zake: maskini, mzee, mtoto, mgeni asiyejua lugha.

Mwaka 2005 Stacey Menzel Baker, James Gentry na Terri Rittenburg waliligeuza swali. Kwao, kuwa hatarini ni hali ya kukosa nguvu inayotokana na kutolingana kwa pande zinazokutana sokoni, hali inayokuja na kuondoka, kiasi kwamba hata profesa anaweza kujikuta ndani yake siku aliyofiwa, akiwa amesimama mbele ya muuza majeneza. Walisisitiza pia kwamba anayedhaniwa yuko hatarini si lazima awe ndiye aliye hatarini kweli. Mama lishe anayekopa Jumatatu na kurejesha Ijumaa, faida ikiwa mkononi, pengine anaijua hesabu ya mkopo kuliko mimi na wewe; ukimwita dhaifu kwa sababu hakufika sekondari, umemkosea adabu na umeharibu data yako. Neno "dhaifu" liache kabisa. "Mlaji aliye katika mazingira hatarishi" ni refu, lakini linasema ukweli.

Kwa kuunganisha nusu zako mbili, wasome N. Craig Smith na Elizabeth Cooper-Martin, waliochapisha mwaka 1997. Walichunguza ni mikakati gani ya kulenga wateja ambayo watu huiona si ya kimaadili, wakatazama mambo mawili kwa pamoja: madhara ya bidhaa na hali ya anayelengwa. Miaka michache kabla yao, Januari 1990, kampuni ya R.J. Reynolds ililazimika kuachana na sigara ya Uptown kabla hata haijajaribiwa sokoni Philadelphia, baada ya kulaumiwa kwamba imewalenga Wamarekani weusi. Lawama ile haikuhusu misaada. Ilihusu bidhaa yenyewe na mtu aliyetengenezewa.

Hapo ndipo Archie Carroll, msomi wa uwajibikaji wa kampuni, anapokufaa. Mwaka 1991 aliupanga uwajibikaji wa kampuni kama piramidi: uchumi chini, kisha sheria, kisha maadili, na hisani kileleni. Madawati yako yako kileleni. Makato ya awali, muda wa marejesho na ujumbe anaotumiwa mdaiwa viko katika sheria na maadili, na huko ndiko tasnifu yako inakotakiwa kukaa.

Mtunza Daftari wa Kikoba

Mimi si msomi wa masoko, ila ninatunza hesabu za kikoba chetu hapa Mbagala. Mwenzetu mmoja aliomba shilingi 50,000 kwenye programu moja ya simu, zikaingia 35,000, na baada ya siku saba akatakiwa kurudisha 50,000 kamili. Tulipopiga hesabu kwenye daftari tuliona amelipia takriban asilimia 43 kwa wiki moja, ilhali kwenye simu yake iliandikwa "ada ya huduma" na neno riba halikuwamo popote. Alichelewa siku mbili. Siku ya tatu mimi, fundi cherehani wake na baba mkwe wake tulipokea ujumbe wa aina moja, wenye jina lake na kiasi anachodaiwa. Hesabu alikuwa anaijua. Kilichomvunja ni ule ujumbe kumfikia baba mkwe.

Mkaazi wa Mombasa

Ushuhuda wa dada hapo juu unatosha sura nzima. Huku Kenya tuliyaona hayo mapema. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ya simu, ilipoanza Novemba 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, nayo iliitwa ada. Ukiizidisha tu kwa miezi 12 unapata asilimia 90 kwa mwaka. Baadaye zikaja programu zilizosoma orodha ya majina katika simu ya mkopaji, hadi sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa mwaka 2021 na kanuni za mwaka 2022 zikapiga marufuku kuwatumia watu wengine ujumbe wa deni lako.

Kwa heshima zote, Mwalimu, hapo natofautiana nawe kidogo. Aibu ile haikukomeshwa na maadili ya kampuni, ilihitaji kanuni. Tanzania nayo, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizofanya kazi bila leseni. Mtafiti akiwahoji wakopaji pekee, asiitazame leseni, ataandika juu ya hisia tu.

Mtafiti Chipukizi

Shukrani nyingi kwenu nyote, na shikamoo Mwalimu. Nimefuta kipimo cha elimu na kipato. Dodoso sasa litauliza fedha iliyoingia, iliyotakiwa kurudi, siku zilizotolewa, nani mwingine alipata ujumbe, na kama mkopeshaji ana leseni. Swali langu lililobaki: ikiwa hali hiyo huja na kuondoka, nitaipimaje kwa mahojiano ya siku moja?

Mwalimu wa Masoko

Marahaba. Huwezi. Mhoji mama yuleyule mara mbili: mara moja Oktoba, biashara ikiwa ya kawaida, na mara ya pili wiki ya kwanza ya Januari, wakati anatafuta sare, madaftari na michango ya shule. Ndugu wa Mombasa nimemsikia. Safu ya leseni iweke mwanzoni mwa jedwali, si mwishoni.