Baba amefariki, ada imekwama, UE (mtihani wa mwisho wa semista) wiki tatu zijazo. Niahirishe mwaka au nikomae?

Binti wa Igunga

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naombeni mawazo kwa utulivu maana nilipofika kichwa kimegoma.

Nasoma ualimu wa sayansi mwaka wa pili, kemia na baiolojia, chuo cha umma, sitakitaja. Wakati naingia mwaka wa kwanza niliomba mkopo bodi ya mikopo ya wanafunzi nikakosa, nikakata rufaa nikakosa tena. Sikuumia sana kwasababu baba alikuwa dereva wa basi la mkoani, mshahara unaingia, akaniambia mwanangu usihangaike na bodi nitakulipia mwenyewe, na kweli mwaka wa kwanza alilipa ikabaki laki mbili na nusu tu. Mwezi wa nane mwaka jana presha ikampanda, siku nne hospitali, akafariki.

Mama anauza mchele na dagaa gulioni. Wadogo zangu wawili, mmoja yuko form three. Ada yangu milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Semista hii nimelipa laki tatu, nusu ni rambirambi nusu mama aliuza mbuzi. Kwahiyo nadaiwa laki tatu ya semista hii na ile laki mbili na nusu ya nyuma, jumla laki tano na nusu, na bila kumaliza deni namba ya mtihani haitoki kwenye mfumo. Hosteli sijalipia, nabebana na rafiki yangu kitanda kimoja, chakula napiga pasi ndefu, jioni tu basi.

Masomo siyo tatizo. Kosiweki, yaani alama za kazi za semista, zimetoka, somo la chini kabisa nina 24 kati ya 40.

Kinachoniogopesha, darasani kwetu watu watatu tulioanza nao mwaka wa kwanza hawapo. Hakuna hata mmoja aliyedisko, yaani kuondolewa kwa kufeli. Walikuwa wanafaulu, siku moja wakaacha kuonekana, ukipiga simu mtu anakuambia nimepumzika kidogo. Naona na mimi naelekea hukohuko.

Mama anasema rudi nyumbani kwanza tukae pamoja. Kuna shule ya private Nzega inahitaji mtu wa kushikilia baiolojia, wanalipa laki mbili kwa mwezi. Niahirishe mwaka nikusanye hela au nikomae? Na nikikomaa, nakomaa na nini?

Mkongwe wa Mabibo

Pole sana mdogo wangu, Mungu amrehemu mzee.

Usiondoke. Nasema kwa uchungu kabisa. Nilikuwa na bumu, hela ya kujikimu ya bodi, enzi zetu ilikuwa 8,500 kwa siku, bumu la siku sitini laki tano na kumi, sasa hivi ni 10,000 kwa siku, na hata hivyo tulikuwa tunalia. Rafiki yangu wa chumba kimoja hakuwa nalo, mwaka wa pili akasema naenda Kahama kukusanya ada narudi mwakani. Alikuwa ananizidi kwenye hesabu. Hela ya kukusanya haikusanyiki mdogo wangu, mama anaumwa, mdogo anataka sare, bati limevuja, wewe ndiye mwenye kazi unatoa. Hajarudi mpaka leo na mwaka wa kumi huu unaenda.

Laki mbili kwa mwezi ukiwa nyumbani na mama anauza dagaa, utaweka akiba gani? Kosiweki unayo mkononi, hiyo ni nusu ya safari.

Bora Uhai

Mkongwe nakuheshimu lakini siyo kila mtu akomae. Mimi nilifanya UE wiki sita baada ya kumzika mama, kila mtu ananiambia komaa, nikaingia chumba cha mtihani nasoma swali naona maneno tu. Nikasapu masomo manne, yaani kurudia mitihani yake. Kwenye sapu nikafaulu mawili, mawili nikakeri, nikayabeba mwaka uliofuata, na kuanzia hapo GPA haikuinuka tena mpaka namaliza.

Dada, kama hulali, kama huli, kuahirisha siyo aibu. Ila ahirisha kwa barua, usitoroke.

Karani wa Ada

Nafanya kazi ofisi ya uhasibu kwenye chuo cha umma, huenda siyo chako ila mambo yanafanana, acha niongee kidogo kwa urefu.

Watu wanashangaa chuo cha serikali kwanini kinabana mtoto kwa laki tano. Hazina inalipa mishahara ya watumishi na kuna miradi ya majengo, lakini umeme, maji, kemikali za maabara, karatasi za hiyo mitihani yenyewe, sehemu kubwa inatoka kwenye ada. Na ada ya mwenye mkopo inaletwa na bodi moja kwa moja chuoni, hata ikichelewa tunajua inakuja. Ya mtoto anayejilipia hakuna anayetuambia inakuja lini, ndiyo maana mfumo unamfungia yeye kwanza. Siitetei, nimekaa dirishani hapo miaka tisa, naona sura zinazokuja wiki ya UE, na nyingine wiki inayofuata hazipo.

Sasa nisikilize. Kwenye mfumo wewe ni deni la laki tano na nusu, hamna mahali pameandikwa baba amefariki. Hakuna ofisi itakayojua mpaka wewe upeleke karatasi. Kesho asubuhi andika barua kwenda kwa mkuu wa chuo kupitia kwa mkuu wa idara yako na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, uombe mambo mawili tu, kuruhusiwa kufanya mtihani na kulipa deni kwa awamu. Ambatisha nakala ya cheti cha kifo, risiti za ulicholipa, na matokeo yako ya mwaka wa kwanza. Awamu ziandike kwa tarehe na kiasi, mfano laki moja na nusu kabla ya UE halafu iliyobaki mwezi wa nne na wa sita. Barua inayosema tu naomba nisaidiwe inalala mezani, ila yenye tarehe ina kitu cha kusainiwa. Peleka kwa mkono, gongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, halafu ifuate kila siku, usione aibu kukaa kwenye benchi.

Kama itabidi uahirishe, fanya hivyo KABLA mtihani haujaanza na upate barua ya kibali. Ukikosa mtihani bila barua unahesabika umetoroka mtihani na hapo ndipo watu wanapopoteza nafasi kabisa. Hao wenzako watatu kama waliondoka bila barua wapigie leo hii, waambie waje waulize kabla hawajafutwa.

Jembe Halimtupi Mkulima

Pole sana dada. Naomba namba yako inbox kuna mtu yupo bodi anaweza kukuingiza jina kwa laki moja tu.

Karani wa Ada

Dada usimtumie huyo hata shilingi. Hakuna kuingizwa jina. Watu wanaliwa hivi kila mwaka, tena wanaoliwa ndio wale wasio na kitu.

Waziri Mstaafu wa Mikopo

Niliwahi kuwa waziri wa mikopo serikali ya wanafunzi, hii kesi nimeiona mara nyingi. Bodi ilikupima siku ile ulipoomba, baba yupo hai ana mshahara. Maisha yako yamebadilika lakini faili lako halijabadilika, na wengi hawajui kuwa anayeendelea na masomo ambaye hajawahi kupata mkopo anaruhusiwa kuomba upya. Siyo lazima uwe unaingia mwaka wa kwanza.

Dirisha la maombi huwa linafunguliwa katikati ya mwaka, miaka ya karibuni Juni. Ada ya maombi 30,000. Lakini maandalizi anza SASA kwasababu cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba lazima vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kila mwaka watu wanakumbuka wiki ya mwisho mfumo umeelemewa. Andaa mdhamini mwenye namba ya NIDA, fomu isainiwe na mwenyekiti wa mtaa au kijiji na igongwe muhuri na wakili au hakimu. Kaya yenu kama iko TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hiyo ni hoja kubwa, weka namba ya kaya. Nimeona mtoto wa kaya ya TASAF amekosa kwasababu hakujaza kile kipengele, aliona aibu.

Na hapa ndiyo namuunga mkono Mkongwe. Anayeendelea na masomo anatakiwa awe amefaulu kuingia mwaka unaofuata. Ukifanya UE ukafaulu, Juni unaomba ukiwa unaingia mwaka wa tatu. Ukiahirisha leo, Juni huna matokeo ya kuonyesha na unasubiri tena. Halafu ujue ni mkopo, ukiajiriwa unakatwa 15% ya mshahara, zamani ilikuwa 8% sheria ikabadilishwa 2016. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, kwahiyo deni halivimbi kama la kaka zetu.

Kijana wa Eldoret

Pole sana dada. Huku Kenya tulikuwa na ada ya 16,000 kwa mwaka kwa wale wamewekwa na serikali, 2023 wakaleta mfumo mpya, sasa kuna bendi tano kulingana na uwezo wa familia, bendi ya kwanza familia inalipa 5% ya gharama ya kozi, bendi ya tano 40%. Mahakama Kuu ikasema Desemba 2024 ni kinyume cha katiba, kesi ikaenda rufaa, na sisi tuko tu hapo katikati tukisoma. Mimi niliwekwa bendi ya nne na mzee wangu alikuwa ameachishwa kazi. Nilikata rufaa na barua ya chifu na barua ya kuachishwa kazi ndio nikashushwa. Penye wewe unaona kama kuomba tena ni kusumbua watu, sio kusumbua. Waambie vile mambo iko saa hii.

Mjane wa Makorora

Mwanangu pole. Nimesoma yote, wote wanaongelea bodi na chuo, hakuna aliyekuuliza hili. Baba alikuwa dereva wa kampuni, alikuwa anakatwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii?

Mume wangu naye alikuwa dereva, wa malori. Alipofariki nilikaa mwaka mzima sijui kama kuna haki, naona ni mambo ya watu wa maofisini. Kuna mafao ya warithi, ya mjane na watoto, na mtoto aliye masomoni mtajeni. Tafuta slipu yake ya mshahara au kadi ya NSSF. Mama aende ofisi ya NSSF iliyo karibu na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vyenu vya kuzaliwa, wamwambie kinachohitajika. Na ukoo wakae kikao waandike muhtasari wa kumteua msimamizi wa mirathi, upelekwe mahakama ya mwanzo. Simamieni mama awe ndiye msimamizi, au wewe. Sisemi mabaya ya baba zako wadogo, siwajui, nasema tu niliyoyaona mimi.

Muulizeni na mwajiri kama kulikuwa na mshahara wa mwisho au likizo ambayo haikulipwa.

Binti wa Igunga

Jamani nimelia. Mama anasema kuna slipu kwenye begi la baba, ina makato ya NSSF, tangu 2011. Hatukuwahi kuiangalia.

Barua nimeipeleka leo kama Karani alivyonielekeza, nimegongewa muhuri. Bora Uhai nimekusikia pia, nilienda kwa mshauri wa wanafunzi nikamwambia ukweli kuwa silali, amenipangia kuongea naye kila Jumatano.

Bora Uhai

Hapo umefanya vizuri. Na kula. Kama uko Dodoma au Moro niambie, mchana uje kwangu.

Binti wa Igunga

Habari, narudisha mrejesho.

Namba ya mtihani imetoka jana. Wamenikubalia awamu tatu, ya kwanza laki moja na nusu. Elfu themanini ilitoka kwa watu wa darasa letu, sikuwaomba, CR, kiongozi wa darasa, alipita na daftari bila kuniambia. Iliyobaki mama alikopa kwenye kikoba, sipendi lakini ndivyo ilivyo. Awamu ya pili sijui itatoka wapi, NSSF wamesema mpaka mirathi ikamilike. Kikao cha ukoo ni Jumamosi.

Kati ya wale watatu nimewapata wawili. Mmoja aliondoka bila barua, kesho anasafiri kuja kuuliza kama ana nafasi. Mwingine amesema hataki tena kusikia habari za chuo, sikumlazimisha.

Nina swali moja. Cheti changu cha kuzaliwa baba ameandikwa Juma, cheti cha kifo wameandika Jumanne, ndiyo jina la kazini. RITA si watakataa kuhakiki? Na NSSF je?

Mjane wa Makorora

Kwangu ilikuwa hivyohivyo, Hamisi na Khamis. Mama abebe vyeti vyote viwili aende ofisi ya usajili ya wilaya, aulize kama wanarekebisha cheti au wanataka kiapo cha majina kutoka kwa wakili. Na kwenye muhtasari wa kikao Jumamosi yaandikwe majina yote mawili kuwa ni mtu mmoja, msisahau hilo, itawapunguzia safari mbili. Pepa ya kwanza lini?

Binti wa Igunga

Jumatatu saa mbili asubuhi. Kemia ogania. Naenda kusoma, nikitoka nampigia mama.