Chama cha wakaazi kinaweza kunilazimisha kulipa?

Habari zenu majirani. Nimehamia Donholm hapa Nairobi juzi, korti yetu (nyumba zinazotumia geti moja) ina geti na soja wawili, na kila mwezi tunaitishwa pesa ya ulinzi na takataka. Si kwamba sitaki kulipa, usiku nalala bila wasiwasi na hilo nalishukuru sana, lakini sijawahi kuona hesabu hata siku moja na nikiuliza naambiwa ukikataa geti hutafunguliwa. Hiyo ni sawa kweli?

Jibu, mkaazi wa Buruburu:
Hapana si sawa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 36, inasema mtu asilazimishwe kujiunga na chama chochote. Na kama hiyo barabara ni ya umma hakuna mtu wa kukuzuia kufika kwako. Lakini dada usiache kulipa, soja ana watoto na yeye ndiye anakesha kwa baridi ya Julai.

Jibu, mpangaji wa South B:
Ongeza hapo, kama ni fleti zenye hati miliki ya kila nyumba mambo ni tofauti, sheria ya 2020 (Sectional Properties Act) inamfanya mwenye nyumba kuwa memba wa shirika la wenye nyumba moja kwa moja na ada ni lazima, kwa hivyo angalia kwanza. Sisi tuliitisha mkutano Jumapili jioni, mweka hazina akaja na risiti zote na taarifa ya M-Pesa, tangu siku hiyo hata waliokuwa wagumu wanalipa.

Muuliza swali:
Asanteni sana, naongea na majirani wa korti tuitishe mkutano.