Nianze na jigi au jiwe la CBN? Bobari yangu kila nikiinoa inatoka na pembe nyingine

Mkereza_Keko: Wakuu, mwezi huu nina hela ya kitu kimoja tu: jiwe la CBN (la kunolea, lenye punje ngumu sana zisizolika upesi) au jigi ya kushikia bobari (patasi ya mfuo ya kukerezea) wakati wa kunoa. Nasaga chuma kuliko ninavyokereza. Ushauri tafadhali.

BintiSeremala: Mkuu, maelezo hayatoshi. Jiwe inchi ngapi? Bobari ni HSS (chuma kigumu kinachostahimili joto) au ya springi ya gari? Unakereza nini?

Mkereza_Keko: Samahani. Jiwe inchi 6, mizunguko 2850 kwa dakika. Miguu ya vitanda, mninga, mpingo mara chache. Bobari ni HSS, patasi mbili za springi.

FundiMpingo: CBN, usiumize kichwa. Jiwe la kawaida linaliwa, na kipenyo kikipungua pembe inahama.

BintiSeremala: Na hizo springi? Chuma laini kinaziba CBN. Mimi ningechukua jiwe jeupe la kawaida, chembe namba 80.

MzeeBobari: Jiwe halina kosa, kosa ni mkono. Nilipata oda ya nguzo 24 za ngazi, nikamwachia kijana anoe. Kufika ya tisa bobari inaruka, shingo zinachimbika, ukipitisha kidole unakuta mikwaruzo kama meno ya msumeno. Kupima, pembe imetoka digrii 40 imefika 52. Nguzo saba nilizirudia kwa mbao zangu. Sasa nina kibao nimekipigilia mezani: ncha ya bobari ikigusa ukingo wake, nakaza jigi. Halafu napaka wino wa maka kwenye mteremko wa makali na kuzungusha jiwe kwa mkono. Wino ukifutika kote, nawasha. Ukifutika kisiginoni tu, yaani upande wa mteremko ulio mbali na makali, bado.

KijanaTupa: Mimi patasi zangu ni tupa chakavu, nanoa kwa mkono, sijaona shida.

FundiMpingo: Acha leo hii! Tupa inavunjika kama kioo, na kipande kinakuja usoni.

KijanaTupa: Niliipasha moto kwanza mpaka ikawa rangi ya majani makavu, ili isivunjike ovyo.

FundiMpingo: Hata hivyo. Mti ukiing'ata ghafla haipindi, inakatika.

MzeeBobari: Kijana, miwani unavaa lakini?

KijanaTupa: Nikikumbuka, mzee.

BintiSeremala: Jamani, miwani si ya kukumbuka!

Mkereza_Keko: Mzee, shikamoo. Ncha inatoka nje ya jigi milimita ngapi?

MzeeBobari: Marahaba. Yangu 50, ila jigi nyingine ina kipimo chake. Hiyo patasi ya springi isigeuke bluu kwa joto la jiwe, ichovye kwenye maji mara kwa mara.

FundiMpingo: HSS usiichovye lakini, inapata nyufa.

MzeeBobari: Nachovya miaka yote, ufa sijauona.