Ushauri: Ligi yangu ya gemu ya Formula 1 hapa Mbeya imegawanyika kwa sababu ya TC na ABS, nizipige marufuku au niache?

Banda la Soweto (mleta uzi)

Wakuu habarini. Nipo Mbeya, nina banda la gemu maeneo ya Soweto, PS mbili na televisheni mbili. Wateja wangu wengi ni wa mpira, ila tangu mwaka jana limezuka kundi la wapenzi wa Formula 1, wakubwa kwa wadogo, na mimi mwenyewe naupenda mchezo huo toka enzi za Schumacher na Ferrari. Nikaanzisha ligi. Watu 24, kiingilio 5,000, nikaongezea 30,000 yangu, ikawa 150,000: laki moja ya wa kwanza, hamsini ya wa pili. Jumapili nane. Kila mtu anaendesha peke yake mizunguko 10, gari ileile, hali ya hewa ileile, tunajumlisha muda. Wa kwanza pointi 10, wa pili 7, kisha 5, 3 na 1.

Tumemaliza Jumapili tano. Anayeongoza ana 44, anayemfuata 37. Huyu wa pili ni kijana wa bodaboda wa kijiwe cha Kabwe, na mara mbili za mwisho kashinda yeye. Jumapili iliyopita, akisubiri zamu, akamwona anayeongoza akifungua mipangilio: TC (msaada wa kuzuia tairi kuzunguka bure ukikanyaga mafuta) imewashwa hadi mwisho, ABS (ya kuzuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) nayo imewashwa. Yeye anaendesha bila chochote. Amekaa miezi akijifunza kukanyaga mafuta kidogokidogo anapotoka kwenye kona ili tairi za nyuma zisizunguke bure. Akasema palepale mbele ya watu kwamba mwenzake anaendeshewa na mashine. Banda likachafuka, nikalazimika kufunga mapema.

Sheria nilizoandika kwenye manila ukutani hazina hata neno moja kuhusu TC wala ABS. Nusu wanataka nizipige marufuku kuanzia Jumapili hii, na kati yao wapo wanaotaka pointi za nyuma zifutwe. Nusu wanasema hakuna sheria iliyovunjwa. Nifanyeje? Watu waliokuwa wakichangiana hela ya chai sasa wanasalimiana kwa shida, na hilo linaniuma kuliko hiyo laki na nusu.

Mguu Mzito

Piga marufuku, mkuu, tena leo. Mwaka 1992 dereva Nigel Mansell alishinda mbio 9 kati ya 16 na gari la timu ya Williams lenye saspensheni inayojirekebisha yenyewe na mfumo wa kuzuia tairi kuteleza. Mwaka uliofuata Prost akachukua ubingwa na timu hiyohiyo. FIA, wasimamizi wa Formula 1, wakaona gari limeanza kumzidi dereva, msimu wa 1994 wakafuta vyote: saspensheni hiyo, TC, ABS. Kama wenyewe walifuta, wewe unaogopa nini?

Shusha Kitonga

Mimi ni dereva wa lori, Dar–Tunduma. Kwanza tuheshimu ABS. Ukishuka Kitonga na mzigo, au mteremko wa Iwambi hapo kwenu asubuhi ya ukungu, ABS inaokoa roho. Hakuna anayenipa pointi kwa kuzuia tairi zisijifunge kwa ujuzi wa mguu wangu. Kwa hiyo mtu asiitwe mwizi kwa sababu kawasha kitu ambacho magari ya kawaida yanacho toka kiwandani.

Ila mashindano ni habari nyingine. Joginder Singh alishinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na kwenye tope lile hakukuwa na kompyuta ya kumpunguzia mafuta. Sisi tuliokua tukisimuliwa habari zake tulikuwa tunasimuliwa juu ya mikono na macho yake. Ligi yako inapima nini? Jibu hilo kwanza.

Fundi wa Mafinga

Kamwene wakuu. Mguu Mzito, umesimulia nusu ya hadithi ukaishia pazuri kwako. Baada ya marufuku ya 1994 ndipo fitina zilipoanza. Mwaka huohuo walipochunguza kompyuta ya Benetton ya Schumacher walikuta programu ya kuondokea mbio imefichwa ndani. FIA haikupata ushahidi kwamba ilitumika, na Schumacher akawa bingwa kwa pointi 92 dhidi ya 91 za Damon Hill. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado watu wanabishana. Sheria ilikuwepo, macho ya kuikagua hayakuwepo.

Ikafika 2001, kuanzia mbio za Hispania, FIA wakaruhusu TC irudi. Hawakuipenda. Walishindwa kuthibitisha nani anaitumia kwa siri na nani haitumii, wakaona bora kila mtu awe nayo waziwazi. Ikatumika hadi mwisho wa 2007. Iliyoiondoa kweli mwaka 2008 ni kontroli boksi (kompyuta ya gari) moja kwa timu zote, programu moja, iliyotengenezwa na kampuni ndugu na McLaren. Ferrari nao walifunga kifaa cha mpinzani wao kwenye gari lao, kwa sababu kila mtu alijua ndani yake kuna nini.

Sasa wewe una bahati kubwa kuliko FIA. Ukaguzi wako ni ukurasa mmoja wa mipangilio kwenye televisheni. Kabla mtu hajaanza, ukurasa ufunguliwe watu wote waone, kisha pedi apewe. Hapo sheria yoyote utakayoandika, ya kuruhusu au ya kukataza, inasimamika. Bila hilo utakuwa unaongeza maneno tu kwenye manila.

Dada wa Tukuyu

Kaka, nina swali moja. Huyu wa pili umetueleza vizuri: bodaboda, kijiwe cha Kabwe, miezi ya mazoezi. Anayeongoza umemtaja kwa pointi tu. Ni nani kwako?

Banda la Soweto (mleta uzi)

Dada umenishika penyewe. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu marehemu, naishi naye. Nilipaswa kulisema mwanzoni na naomba radhi kwenu nyote. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka nipate ushauri juu ya sheria bila mtu kunishuku.

Nawaapia sikujua kwamba anatumia TC. Ana miaka 15, alijifunzia gemu hapohapo bandani na mipangilio aliyoikuta. Hajawahi kuificha, hata siku ile aliifungua watu wakiwepo. Sasa ndiyo shida yangu: nikikataza, namwadhibu mtoto kwa kosa ambalo halikuwa kosa. Nikiacha, mji mzima utasema mjomba kambeba.

Dada wa Tukuyu

Pole sana kaka, na asante kwa kusema kweli. Basi jibu langu ni fupi: wewe usiamue. Mimi ni shabiki wa dereva Hamilton, na tarehe 12 Desemba 2021 kule Abu Dhabi sitaisahau. Yeye na mpinzani wake Verstappen waliingia mbio za mwisho wakiwa na pointi sawa, 369.5 kila mmoja. Gari la usalama, lile linalotangulia na kupunguza mwendo wa wote, likatoka mwishoni, na mkurugenzi wa mbio akaruhusu magari matano tu kati ya manane yaliyozidiwa mzunguko yapite mbele, yale yaliyokuwa katikati ya wale wawili. Mzunguko mmoja ukabaki, Verstappen mwenye tairi mpya akampita. Ripoti ya FIA baadaye ilisema aliamua kwa nia njema ila palikuwa na kosa la kibinadamu. Aliondolewa kwenye nafasi ile.

Nia njema haikunifuta machozi usiku ule. Nisingeumia vile kama utaratibu ungefuatwa kama ulivyoandikwa, hata Hamilton angeshindwa. Sasa huyo hakuwa hata mjomba wa mtu. Wewe ni mjomba! Tafuta watu watatu wasio ndugu zako, mmoja achaguliwe na kijana wa bodaboda mwenyewe.

Mguu Mzito

Kwa hilo la mpwa nakubaliana na dada. Lakini marufuku ibaki kuanzia Jumapili hii. Mwaka 1998 McLaren walikuwa na pedali ya ziada ya breki inayoshika tairi moja tu la nyuma, gari likate kona vizuri. Ilikubaliwa, na siri ilikuwa imefichuliwa mwaka mmoja kabla na mpiga picha aliyeingiza kamera sehemu ya miguu ya dereva gari likiwa limeegeshwa. Ferrari wakalalamika Brazil, ikapigwa marufuku palepale msimu ukiwa ndiyo umeanza. McLaren wakaitoa, wakashika nafasi ya kwanza na ya pili siku hiyohiyo, na Häkkinen akawa bingwa. Mwenye uwezo haumii.

Fundi wa Mafinga

McLaren walikuwa na gari zuri kuliko wote, ndiyo maana hawakuumia. Mtoto wa miaka 15 aliyezoea TC ukimnyima wiki hii hamalizi mizunguko mitatu bila kugeukia alikotoka.

Chukua mfano wa karibu. Mwaka 2020 Mercedes walikuja na usukani ambao dereva akiuvuta au kuusukuma unabadilisha mkao wa tairi za mbele. Red Bull walipinga Austria, waamuzi wakasema ni halali kwa sheria zilizopo. Wakautumia msimu mzima, na sheria za 2021 zikaukataza. Aliyesoma sheria vizuri hakunyang'anywa kitu katikati ya safari, na walioona si sawa wakapata walichotaka msimu uliofuata. Pointi za nyuma zisiguswe kabisa. Wanaotaka zifutwe nawaambia wazi, hilo ni dhuluma.

Pima Kwanza

Mnabishana bila kipimo. Kwenye gemu TC kwa mtu fundi inapunguza kasi kidogo, kwa sababu inakata nguvu tairi zikianza kuteleza hata pale ambapo mguu mzuri ungeendelea kusukuma. Faida yake ni kukuepusha na makosa. Kama ligi yenu ingekuwa ya mzunguko mmoja bora, kijana wa boda angekuwa anatamba zamani. Mkijumlisha mizunguko 10, kosa moja linakula sekunde zote alizozipata. Kwa hiyo hata mfumo wenu wa muda unampendelea mtu. Wakalisheni wote wawili kwenye uwanja wa Monza wa gemu, kila mmoja aendeshe kwa TC na bila TC, muda uandikwe ubaoni.

Banda la Soweto (mleta uzi)

Wakuu nimerudi, nimechelewa kwa sababu umeme ulikuwa shida. Tulikaa Ijumaa jioni. Watu watatu wamechaguliwa, kijana wa bodaboda alimleta mwalimu mmoja wa sekondari ambaye simjui vizuri, na nilifurahi kwa hilo. Mimi nilitoka nje hadi walipomaliza.

Kipimo kilifanyika kama alivyosema Pima Kwanza. Mpwa wangu bila TC aligeuka mara mbili akitoka kwenye kona ya kwanza ya Monza. Kijana wa boda alipowasha TC alikuwa mzito kwa sekunde nne ukilinganisha na muda wake mwenyewe bila TC. Alishangaa, akauliza kama mashine ni nzima.

Wameamua pointi zibaki, Jumapili tatu zilizosalia ziende kwa sheria zilezile, ukurasa wa mipangilio ufunguliwe mbele ya watu kabla ya kila zamu, na ligi ijayo TC na ABS hazitakuwepo. Wachache bado wamenuna, wawili waliomba kiingilio chao na nimewarudishia kutoka mfukoni mwangu. Jumapili kijana wa boda kashinda tena, mpwa akawa wa pili: sasa mpwa ana 51, boda 47.

Jana usiku nilipofunga banda mpwa aliniomba nimwachie PS moja imewaka. Amezima TC. Hakumaliza mizunguko mitatu, Fundi ulisema kweli, lakini hakutaka kwenda kulala. Ndaga fijo wote.